Karakana ya Kuchonga Vinyago: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaonipigia simu huanza na mashine. Wanataka kujua wanunue grinda gani, ya wati ngapi. Mimi huwarudisha kwenye mti. Karakana nilizoziona zikifungwa hazikukosa mashine. Zilikosa gogo halali, au vinyago vyao vilipasuka vikiwa sebuleni kwa wateja na oda zikakoma. Majibu haya ni ya karakana ndogo ya vinyago, hasa vya mpingo, kama zilivyo Dar es Salaam na Mtwara. Anayetaka kutembelea tu bila kuchonga, maswali yake yako mwishoni.

Nianze na vifaa gani?

Tezo (kishoka chenye makali yaliyokingama kama ya jembe) nzito moja ya kutoa umbo, tezo ndogo moja ya kusawazisha, msumeno, patasi nne, nyundo ya mbao, tupa, jiwe la kunolea na msasa. Kwa hivyo tu unaweza kufanya kazi miaka miwili bila kukwama.

Patasi nne ni hizi: bapa pana, bapa nyembamba, bobari ya kuchimba mashimo ya mviringo, na moja yenye mdomo kama herufi V kwa ajili ya nywele, chale na mistari ya nguo. Usinunue seti ya patasi kumi na mbili inayong'aa kwenye boksi. Nyingi za namna hiyo chuma chake ni laini, na ukigusa mpingo mdomo unajikunja siku hiyohiyo.

Nenda kwa mhunzi. Wahunzi wetu hutengeneza tezo na patasi kwa springi za malori, na chuma hicho ni kizuri kuliko watu wanavyodhani. Kaa naye wakati anaichoma. Akishaizamisha majini ikiwa nyekundu, inakuwa ngumu lakini inavunjika kama kioo. Lazima aisugue ing'ae, kisha airudishe motoni kidogo mpaka mdomo uchukue rangi ya majani makavu, ndipo aizamishe tena. Akiipitisha mpaka ikawa ya buluu, imelainika, na kwa mpingo haikufai. Mwambie wazi kwamba ni ya kuchongea mpingo. Mhunzi mzuri ataelewa, na bei itapanda kidogo. Ilipe.

Mpini wa tezo utafute kwenye tawi lenye kifundo cha asili, ili chuma kipite kwenye kifundo chenyewe. Mpini uliounganishwa kwa msumari utakutoka mkononi siku moja, na mbele yako huenda amekaa mtu.

Karakana iwe kubwa kiasi gani?

Mita tatu kwa nne zinawatosha watu wawili na magogo yao. Upana hausumbui sana; kivuli, upepo na sakafu ndivyo vya kuangalia.

Kivuli cha makuti ni bora kuliko cha bati. Chini ya bati saa nane mchana hata wewe unapata shida kupumua, sembuse gogo linalotakiwa kukauka polepole. Kama bati ndilo ulilonalo, liinue juu na utandike makuti chini yake. Acha pande mbili wazi ili vumbi litoke, lakini upande unaopokea kaskazi uuzibe kwa mkeka au mabua. Upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, ni wa joto na unakamua unyevu kwenye mti kwa kasi. Wachongaji wa pwani wanaujua: vinyago vingi hupasuka kipindi hicho, halafu watu wanamsingizia mchongaji.

Sakafu iache ya udongo ulioshindiliwa. Patasi itaanguka tu, haina budi. Ikiangukia saruji mdomo unamenyeka na utanoa saa nzima. Ikiangukia udongo unaipangusa na kuendelea.

Mchwa wapo. Magogo yalale juu ya matofali, yasiguse ardhi wala ukuta, na kila wiki pitisha jicho chini yake.

Benchi au kukaa chini?

Mafundi wa Kimakonde tuliofundishwa nao hukaa chini, miguu imenyooshwa, gogo limebanwa kwa nyayo na magoti. Kwa kazi ndogo na ya kati sijaona njia nzuri kuliko hiyo, kwa sababu unaligeuza gogo kwa miguu huku mikono yote miwili iko kazini. Lakini tezo inashuka kuelekea kwako. Mwanzoni vaa viatu vigumu mbele, na upige kwa kifundo cha mkono, usipige kwa bega. Kwa nakshi za milango na masanduku, hapo benchi ni lazima, imara, isiyotikisika, yenye jiliwa la kubania.

Mpingo halali napata wapi?

Ni hapa vijana wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpingo ni mti wa taifa wa Tanzania, na uvunaji wake unasimamiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Gogo halali lina karatasi: kibali cha kuvuna, risiti ya malipo ya serikali, na hati ya kulisafirisha. Gogo lenyewe hugongwa alama ya nyundo kwenye ncha. Usilinunue gogo linalokuja usiku kwenye bodaboda, hata likiwa jeusi na zuri namna gani. Likikamatwa kwako, ni lako. Na kabla hujakata ncha yenye alama, piga picha, kisha weka picha pamoja na risiti. Kuna siku utaulizwa.

Chanzo ninachokipenda ni misitu ya vijiji. Wilayani Kilwa kuna vijiji vinavyomiliki na kuvuna misitu yao kwa mpango, na mwaka 2009 misitu ya jamii ya huko ilipata cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa na kuvunwa vizuri, jambo lililokuwa geni kabisa kwa misitu ya vijiji Afrika. Fedha ya gogo inabaki kijijini, na wanakijiji wanakuwa na sababu ya kuzuia moto usiingie msituni. Mpingo huchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Gogo utakalolichonga mwezi huu lilichipua kabla babu yako hajaoa.

Njia nyingine ni mabaki. Mpingo ndio mti wa klarineti na obo, na viwanda vinavyokata vipande vya ala hizo vinataka kipande kisicho na ufa, kifundo wala mstari mweupe. Sehemu kubwa ya gogo inakataliwa. Kipande kilichokataliwa kwa klarineti kinatoa twiga, chanuo, mwiko au kichwa kidogo bila tatizo lolote. Ukianza na mabaki utajifunza mpingo kwa gharama ndogo, na ukikosea hujapoteza mti mzima.

Lazima iwe mpingo?

Hapana, na kwa miezi sita ya mwanzo nakushauri isiwe.

Anza na mwembe. Ni laini, unapatikana kila mahali, na mwembe uliozeeka usiozaa tena mwenyewe anafurahi ukimwondolea. Ubaya wake ni fukusi: wakiingia, unga utadondoka kutoka kwenye kinyago kama chumvi. Mwarobaini ni mgumu kidogo, wadudu hawaupendi sana, na hukua haraka. Wachongaji wa Kikamba nchini Kenya wamehamia kwenye mwarobaini kwa sehemu kubwa baada ya muhugu na mpingo kuadimika, na kazi zao hazikupungua uzuri. Mfenesi una rangi ya manjano inayokolea na kuwa kahawia kwa miaka.

Mninga unachongeka vizuri na unanukia, lakini ni mbao ya samani yenye bei. Mvule, tahadhari mbili: vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na ndani yake wakati mwingine kuna jiwe, jiwe kweli, chokaa iliyoganda ndani ya mti. Patasi ikikutana nalo utaona cheche.

Kwa nini kinyago changu kimepasuka?

Naulizwa swali hili kuliko mengine yote, na likifika kwangu huwa limeshachelewa.

Mti mbichi umejaa maji. Ukikauka unanywea, na haunywei sawa kila upande. Kufuata mzunguko wa pete zake unanywea karibu mara mbili ya unavyonywea kutoka kwenye moyo kwenda kwenye ganda. Sasa gogo la mviringo lenye moyo ndani yake litaitolea wapi tofauti hiyo? Linapasuka. Hata ungelichonga kwa ustadi gani, litapasuka. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupasua gogo kwa kupitia kwenye moyo, na kuuacha moyo nje ya kinyago chako. Ukifanya hivyo umeondoa sehemu kubwa ya hatari kabla hujashika tezo.

La pili ni ncha. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha za gogo, mahali mirija ya mti imekatwa wazi. Siku gogo linapofika, kabla hata hujanywa chai, yeyusha nta ya mishumaa uzipake ncha zote mbili. Rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo nayo inafaa. Andika tarehe kwa chaki.

La tatu ni subira ya kazi yenyewe. Mpingo uliokauka kabisa unagoma, patasi inaruka juu yake kama juu ya pembe, kwa hiyo wengi wetu tunauchonga ungali na unyevu. Jioni kazi isiachwe wazi. Ifunike kwa gunia lenye unyevunyevu au izike ndani ya vibanzi vyake yenyewe. Ukimaliza umbo, kiweke kinyago ndani ya mfuko wa karatasi kivulini, uufungue kidogo kila baada ya siku chache. Kadiri kinyago kinavyokuwa na unene unaokaribiana, ndivyo kinavyokauka kwa amani. Kichwa kinene juu ya shingo nyembamba ni ugomvi, upande mmoja umeshanywea, mwingine bado una maji.

Nilipata somo hili kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo niliagizwa ujamaa wa urefu wa mita moja, watu kumi na mmoja wamebebana. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, na mteja alikuwa anasafiri Jumamosi. Nikauanika juani mchana mmoja ili ukauke upesi. Usiku nikasikia mlio mmoja mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Asubuhi ufa ulikuwa umeshuka kutoka kwenye paji la uso la mzee wa juu mpaka kwenye mgongo wa mtoto aliyekuwa chini kabisa. Wiki saba za kazi. Mzee aliyenifundisha alikuja, akapitisha kidole kwenye ufa bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Mwanangu, kuchonga umechonga. Kusubiri ndiko hujajua bado."

Toka siku hiyo sipokei oda yenye tarehe ya ndege. Mteja mwenye haraka namwonyesha vilivyokwisha kukauka rafuni achague humo.

Ufa mdogo unazibika?

Ndiyo, kwa kibanzi cha mpingo uleule kilichokatwa kwa kufuata nyuzi, gundi ya mbao na subira ya siku mbili. Usizibe kwa gundi na unga wa mbao halafu ukapaka rangi ya viatu juu na kunyamaza. Ufa utarudi, na safari hii utarudi na jina lako. Mwambie mnunuzi: hapa palizibwa. Wengi huchukua hivyohivyo.

Ninoe mara ngapi?

Kabla makali hayajaisha. Kwenye mpingo maana yake ni kila nusu saa hivi, na hata zaidi kwenye nakshi ndogo.

Makali ya mbao laini yanaweza kuwa membamba, kama digrii 25. Kwa mpingo yaongeze unene mpaka 30 au 35, la sivyo mdomo unamenyeka. Lowesha jiwe kwa maji, laza mgongo wa makali mpaka uone maji yanasukumwa mbele ya mdomo. Hiyo ndiyo dalili kwamba umeipata pembe. Sukuma kwa urefu wote wa jiwe, usinoe pahala pamoja likachimbika bonde. Endelea mpaka ukipitisha kidole gumba kwa upande wa pili, kutoka nyuma kwenda kwenye ncha, uhisi kijinywele cha chuma kimesimama kwenye ukingo mzima. Geuza, laza bapa kabisa, sugua mara mbili tatu kijinywele kianguke. Malizia kwa kuivuta juu ya mshipi wa ngozi uliopigiliwa kwenye ubao, ukiivuta kwenda nyuma tu.

Jaribio langu ni kipande cha mwembe. Nakata kukingana na nyuzi. Sehemu iliyokatwa iking'aa kama imepakwa mafuta, patasi iko tayari. Ikiwa na michirizi myeupe, mdomo una pengo, narudi jiweni. Mwanagenzi anayejua kunoa ndani ya mwezi wa kwanza namjua kabisa kwamba atabaki.

Na grinda je?

Inafaa kwa kutoa umbo la kwanza kwenye kazi kubwa, na ninayo. Lakini itumie mara chache, si kila siku: joto lake linachoma uso wa mti na kuanzisha nyufa ndogo, vumbi lake ni jembamba sana, na diski yenye meno ikikwama kwenye kifundo inaruka usoni. Vaa miwani, usitoe kinga yake, shika kwa mikono miwili. Anayejifunza kwangu haigusi mwaka wa kwanza. Tezo inamfundisha nyuzi zinaelekea wapi. Grinda inapita bila kuuliza.

Kinyago kinaanzia wapi, kichwani au kwenye gogo?

Kwenye gogo, kwa mpingo. Mpingo haunyooki. Una vifundo, mashimo, mikunjo, na ukingo mweupe unaozunguka sehemu nyeusi. Naligeuza gogo siku kadhaa kabla sijalipiga. Tawi lililopinda linakuwa mkono, shimo linakuwa mdomo au nafasi kati ya watu wawili. Ukijilazimisha kutoa umbo ulilolichora karatasini, utakata sehemu nzuri zote ili kufuata karatasi.

Mitindo yetu yenyewe ilizaliwa hivyo. Kuchonga kwa Wamakonde ni kwa zamani, na vinyago vya mapiko, vya kuvaliwa kichwani ngomani, vilichongwa kwa mti mwepesi, si mpingo, na kutiwa nywele za watu na nta ya nyuki. Mpingo wa kuuzwa ulishika kasi baada ya wachongaji kuvuka kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, na wengine kufika Dar es Salaam miaka ya 1950. Mfanyabiashara Mohamed Peera alinunua kazi zao na kuwahimiza. Mwishoni mwa miaka hiyo Samaki Likankoa alitoa viumbe vilivyojipinda, jicho moja, sikio mahali pasipo sikio, na mtindo wa shetani ukaanzia hapo. Ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana, unatajwa kuanza na Roberto Yakobo Sangwani. Ukiutazama ujamaa mzuri, tafuta jinsi mgongo wa mmoja unavyokuwa kiti cha mwingine. Palipo na watu waliobandikwa tu pembeni ya nguzo, mchongaji alikuwa na haraka.

Kenya nao wana hadithi yao: Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza kuchonga vinyago huku Tanganyika, na kijiji chake kikawa kijiji cha wachongaji.

Namalizia kwa nini?

Kwa msasa namba 80, 120, 240, kisha 400, kila namba ifute mikwaruzo ya iliyotangulia, ukifuata nyuzi. Mpingo unang'aa wenyewe. Baada ya 400 unahitaji nta ya nyuki kidogo na kitambaa cha pamba. Ule weupe wa pembeni uache uonekane ukiweza. Ni ushahidi kwamba mti ni wenyewe.

Vumbi lina madhara kweli?

Lina madhara. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hasa ya pua. Vaa barakoa nzuri unapopiga msasa, siyo kitambaa cha kanga mdomoni. Mwagia maji sakafuni kabla ya kufagia. Watoto wasicheze kwenye unga. Nawaomba mlichukulie jambo hili kwa uzito, kwa sababu nimewasikia wazee wetu wakikohoa.

Usajili na leseni?

Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara; namba ya mlipakodi ichukue TRA, mamlaka ya mapato; leseni ichukue halmashauri. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wanawasaidia wenye karakana kwa mafunzo na ushauri, wapitie mapema. Risiti zote za magogo ziwe kwenye faili moja.

Nipangeje bei?

Hesabu siku. Tuseme kinyago kimekuchukua siku sita, na siku yako umeiwekea shilingi 20,000. Hiyo ni 120,000. Ongeza mti, msasa, kunoa, kodi ya kibanda, na vinyago vinavyopasuka, maana kimoja kitapasuka tu na vingine lazima vikibebe. Wachongaji wengi huhesabu mti peke yake, kisha hufurahi wakipata zaidi ya bei ya mti. Wanajiuza bure.

Anayekuja kununua kwa jumla ataomba vipande hamsini vinavyofanana. Kubali kama una watu wa kutosha, lakini baki na siku moja kwa wiki ya kuchonga chako mwenyewe. Bila hiyo mkono unazoea umbo moja na jicho linalala.

Naweza kuchukua mwanagenzi?

Chukua, ila mkubaliane na wazazi wake mbele ya mashahidi: atakula nini, atalipwa lini, atamaliza lini. Kwa desturi ya pwani anayehitimu humpa fundi wake kilemba, na fundi naye humpa vifaa vya kuanzia. Mimi huwapa tezo. Miezi mitatu ya kwanza ni kunoa, kupaka nta kwenye ncha na kupiga msasa, kisha vijiko, kisha wanyama, na mtu mwisho. Uso wa mtu hauna pa kujificha. Kwa mtoto wa kike anayetaka, jibu langu ni lilelile. Wamekuwa wachache kwa sababu hawakuitwa.

Nataka kutembelea tu. Niende wapi?

Dar es Salaam, Mwenge. Usiishie kwenye maduka ya mbele. Zunguka nyuma, fuata mlio wa tezo. Mombasa kuna ushirika wa wachongaji wa Kikamba pale Changamwe. Kwa nakshi za milango nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu. Huko karakana ziko vichochoroni, na fundi anachimba yungiyungi na minyororo kwenye mwimo wa mlango huku karakana iko wazi, ukipita unamwona.

Piga hodi. Msalimie aliyekaa chini kabla hujauliza bei ya kitu, na kama ni mzee mpe shikamoo yake. Usipite mbele ya mtu anayepiga tezo. Picha omba. Kazi ambayo haijaisha usiishike bila ruhusa, maana jasho la mikono huacha alama kwenye mti uliopigwa msasa. Na ukikaa nusu saa ukiangalia, nunua hata mwiko.

Nitajuaje kama ni mpingo kweli?

Uzito kwanza. Mita moja ya ujazo ya mpingo ni karibu kilo 1,200, kwa hiyo unazama majini. Kinyago cheusi kinachoinuka kama boksi tupu kimepakwa rangi. Angalia chini ya kitako, mahali ambapo rangi haifiki vizuri, na umwombe muuzaji akwaruze kidogo hapo kwa kisu. Mpingo ni mweusi au kahawia iliyoiva mpaka ndani. Mwenye kuuza mpingo halisi hatakasirika.

Nitaruhusiwa kusafiri nacho?

Tangu Januari 2, 2017 mpingo umo kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yanaruhusu bidhaa zilizokamilika bila kibali cha CITES endapo mti wenyewe hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Zaidi ya hapo, anzia ofisi ya TFS kabla hujalipia mzigo. Taka risiti ya karakana yenye jina la mti. Kinyago kisiwe na ganda wala tundu la mdudu. Australia na New Zealand wanakagua vikali, na chenye fukusi hakiingii.

Ukifika nacho nchi ya baridi, usikiweke karibu na kipasha joto wala dirishani penye jua. Wiki mbili za kwanza kiache ndani ya karatasi kilimofungiwa, kwenye chumba chenye ubaridi, kisha ukitoe. Kila baada ya miezi michache kipake nta ya nyuki kidogo, hasa kwenye kitako, maana pale ndipo nyuzi zimekatwa wazi.